Paka Mchanga Asiyeacha Kupiga Chafya: Siku Zihesabiwe Kabla ya Vidonge Kununuliwa

Mazungumzo kwa wakazi wa kaunti za Migori na Homa Bay kuhusu afya ya wanyama wa nyumbani



Afisa wa mifugo anapofika kijijini, maswali mengi huwa ya ng'ombe, mbuzi na kuku. Paka huulizwa mwisho, wakati kikao kinakaribia kufungwa. Swali lenyewe hufanana popote linapoulizwa: paka mdogo ameletwa nyumbani hivi karibuni, anapiga chafya, macho yana tongo, amepewa dawa akapata nafuu, kisha ugonjwa umerudi. Je, apewe dawa nyingine? Je, atupwe? Mazungumzo haya yanajibu maswali hayo mawili.

Paka si pambo katika kaunti hizi. Kule Rongo, Uriri na Ndhiwa analinda ghala la mahindi dhidi ya panya. Kule Sori, Muhuru Bay, Mbita na Kendu Bay anaishi karibu na omena inayoanikwa. Wengi hupatikana kwa jirani, sokoni au ufuoni samaki wanapopakuliwa. Wachache huletwa kutoka makao ya wanyama, kama yale ya shirika la KSPCA jijini Nairobi, wakasafirishwa kwa basi usiku kucha. Njia zote hizo zina jambo moja la kufanana: paka mchanga ametoka mahali penye paka wengi, ameachishwa mama yake, ametikiswa safarini, na amefikishwa nyumba asiyoijua.

Ugonjwa wenyewe ni upi

Ugonjwa unaoonekana mara nyingi zaidi ni mafua ya paka. Husababishwa hasa na virusi vya aina mbili: hepesi ya paka na kalisi ya paka. Vyote viwili huingia kwa mate, kamasi na machozi, au kwa mikono, bakuli na matandiko yaliyoguswa na paka mgonjwa. Hepesi hushambulia zaidi pua na macho. Kalisi huleta pia vidonda kwenye ulimi na mdomo, ndiyo maana paka mwingine hudondosha mate na kukataa chakula ingawa ana njaa. Bakteria kama Bordetela, Klamidia na Mikoplazma nao huweza kuanzisha ugonjwa, au kuja nyuma ya virusi pua ikiwa imekwisha kujeruhiwa.

Paka wa wiki 4 hadi 8 yuko kwenye kipindi kigumu. Kinga aliyopata kwa maziwa ya mama inapungua, na kinga yake mwenyewe haijakomaa. Huo ndio umri ambao watu wengi huchukua paka. Penye paka wengi pamoja, iwe ni makao yanayotunzwa vizuri au soko la samaki, virusi hivi ni vigumu kuzuiwa kabisa. Kwa hiyo paka kuanza kupiga chafya akiwa mgeni hakumaanishi kwamba aliyemtoa alimdanganya aliyempokea.

Kwa nini hapokei dawa na kupona moja kwa moja

Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo haya. Paka wengi wanaoambukizwa hepesi hawaviondoi virusi mwilini. Dalili huisha, lakini virusi hujificha kwenye mishipa ya fahamu, vikalala. Paka akipata msukosuko, huamka. Msukosuko ni kama safari, nyumba mpya, mbwa anayebweka, kuzaa, au ugonjwa mwingine. Na haviamki siku ileile: kwa kawaida huanza kutoka tena kati ya siku ya 4 na ya 11 baada ya msukosuko, na hutoka kwa muda wa wiki moja hadi mbili.

Chukulieni mfano wa familia ya Awendo iliyompokea paka wa wiki 8 siku ya Jumamosi. Juma zima anacheza na watoto. Jumamosi ya pili anaanza chafya, na mama mwenye nyumba anasema ni baridi ya usiku uliopita, au maziwa ya jana. Kumbe ni safari ya juma lililopita. Anapewa kidonge, na baada ya siku 8 anapoa, kwa sababu mafua ya kawaida hupoa yenyewe ndani ya siku 7 hadi 10 hivi. Kidonge kinasifiwa. Mwezi unaofuata wageni wanajaa nyumbani kwa matanga, paka anajificha chini ya kitanda siku tatu, na baada ya juma moja chafya inarudi. Sasa kidonge kilekile kinalaumiwa, na kingine chenye nguvu zaidi kinatafutwa. Kidonge hakikustahili sifa wala lawama. Virusi viliamka, vikalala, vikaamka tena.

Kalisi haina tabia hiyo ya kulala, lakini paka aliyepoa anaweza kuendelea kuitoa kwa wiki au miezi. Kwa hiyo paka anayeonekana mzima anaweza kumwambukiza mgeni.

Sheria ya siku 10

Antibiotiki huua bakteria. Haiui virusi. Mwongozo wa kimataifa wa madaktari wa mifugo uliochapishwa mwaka 2017 unashauri kwamba paka mwenye mafua asikimbiziwe antibiotiki katika siku 10 za mwanzo, iwapo anakula, ana uchangamfu, hana homa, na kamasi yake ni nyepesi na angavu. Iwapo kamasi imekuwa nzito ya manjano au kijani, na pamoja na hayo paka ana homa, amelegea au amekataa chakula, daktari wa mifugo anaweza kuamua kumpa antibiotiki mapema. Uamuzi huo ni wake, kwa sababu kipimo hutegemea uzito wa paka, na paka wa wiki 8 huwa na uzito wa chini ya kilo 1.

Hata dawa sahihi ina njia yake ya kupewa. Doksisiklini, ambayo madaktari huitumia mara nyingi kwa ugonjwa huu, ikikwama kooni ikiwa kavu huchoma umio na kuacha kovu linaloziba njia ya chakula. Lazima ifuatwe na maji au chakula. Kumeza kidonge nusu leo na kukiacha kesho kwa kuwa chafya imepungua pia ni hasara: bakteria wanaobaki hujifunza kuishi na dawa, na dawa hizo ndizo zinazotegemewa kutibu watu na ng'ombe.

Kwa hiyo kalamu ndiyo kifaa cha kwanza. Siku paka alipofika iandikwe. Siku chafya ilipoanza iandikwe. Kila siku iandikwe kama amekula, kama macho yamefunguka, na kamasi ni ya rangi gani. Karatasi hiyo moja itamsaidia daktari kuliko maelezo marefu yanayotegemea kumbukumbu.

Kumtunza nyumbani

Katika siku hizo 10 kazi kubwa ni ya nyumbani, na haina gharama kubwa.

Kwanza ni chakula. Paka hula kwa pua. Pua ikiziba, chakula hakina harufu, na asiyesikia harufu hali. Omena iliyochemshwa na kupondwa, au samaki aliyetolewa miiba, akipewa ikiwa vuguvugu, harufu yake humfikia hata mwenye mafua. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi walioachishwa kunyonya, na kuharisha humkausha maji haraka. Maji safi ni bora.

Pili ni usafi wa pua na macho. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kikiwa kimesawazishwa, hutiwa katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Pamba safi huchovywa humo, tongo hulainishwa kwanza, kisha hufutwa taratibu. Kila jicho hupewa pamba yake.

Tatu ni mvuke. Paka huwekwa ndani ya kikapu katika chumba kidogo kilichofungwa, karibu na karai la maji ya moto asiloweza kulifikia, kwa dakika 10, mtu mzima akiwapo. Maji yawe matupu. Dawa za kuchua na mafuta yenye harufu kali ya mkaratusi au kafuri hayatiwi humo, kwa kuwa ni sumu kwa paka.

Nne ni moshi. Nyumba nyingi hupika kwa kuni au makaa, na ufuoni kuna majiko ya kubanika mbuta. Pua iliyojeruhiwa na virusi haiponi ikiwa imelala jikoni. Mara nyingine paka anayesemekana kuwa sugu kwa dawa anahitaji tu kuhamishiwa chumba chenye hewa, akiwa na katoni yenye kitambaa kikavu.

Vitu vinavyoua

Yapo makosa yanayofanywa kwa huruma na yanayomaliza maisha ya paka ndani ya siku moja au mbili.

La kwanza ni paracetamol, ile ya Panadol na dawa nyingine za kichwa na mafua ya watu. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja kama la binadamu. Kidonge kimoja kinatosha kumuua paka mzima, na kipande kidogo kinatosha kwa mchanga. Ufizi hugeuka rangi ya udongo, uso huvimba, pumzi hukatika. Ibuprofen nayo ni hatari.

La pili ni matone ya macho yaliyobaki nyumbani. Baadhi yana steroidi. Hepesi huweza kutoboa kidonda kwenye kioo cha jicho, na steroidi ikikutana na kidonda hicho, jicho linaweza kupotea.

La tatu ni dawa ya kupe ya ng'ombe. Paka mgonjwa akionekana na viroboto, wapo wanaomnyunyizia dawa iliyobaki kwenye pampu. Dawa za jamii ya pairethroidi, kama permethrin, humtia paka kifafa na kumuua. Amitraz pia haimfai.

Dalili zisizongoja siku 10

Daktari wa mifugo atafutwe siku hiyohiyo iwapo paka anapumua kwa mdomo wazi, au mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi. Iwapo ufizi umekuwa mweupe au wa buluu. Iwapo paka mchanga amekaa saa 24 bila kula. Iwapo anafumba jicho moja kwa maumivu au jicho limekuwa na ukungu. Au iwapo amelegea na mwili umekuwa baridi. Paka mchanga hana akiba mwilini. Kungoja asubuhi ya pili kunaweza kuwa kungoja kumzika.

Siku 10 zikipita

Chafya ikiendelea baada ya siku 10, au ikirudi mara kwa mara, swali hubadilika. Halitakuwa tena ni dawa gani ijaribiwe, bali ni kitu gani kingine kiko humo ndani. Daktari atafungua mdomo kuona kama kaakaa lina mpasuko wa kuzaliwa, unaopitisha maziwa hadi puani. Ataangalia kama uchafu unatoka tundu moja tu la pua, kwa maana hiyo huashiria kitu kilichokwama, kama jani la nyasi. Anayekoroma akiwa macho anaweza kuwa na kinyama kilichoota nyuma ya pua au ndani ya sikio, ambacho huonekana zaidi kwa paka wadogo na huweza kutolewa. Anayekohoa zaidi ya kupiga chafya anaweza kuwa na minyoo ya mapafu, au minyoo ya kawaida ambayo viluwiluwi vyake hupita mapafuni. Dawa ya minyoo kwa kipimo sahihi ndiyo tiba yake. Upo pia ukungu unaoota puani na kuvimbisha uso.

Wapo wachache ambao hawatakuwa na lolote kati ya hayo. Hepesi ilikula mifupa laini ya ndani ya pua walipokuwa wadogo, na pua hiyo haitarudi kama ilivyokuwa. Paka wa namna hiyo atapiga chafya maisha yake yote, atapata bakteria mara kwa mara, na bado ataishi miaka mingi, atakula, atacheza na atakamata panya. Mwenye paka anastahili kuambiwa ukweli huo mapema, ili asitumie fedha za karo kutafuta dawa ya kuondoa kitu kisichoondoka. Kinachotibiwa kwa paka huyo ni siku mbaya zinapokuja. Nyingine zote ni za utulivu, chakula kizuri na hewa safi.

Hofu ya watu nyumbani

Mafua ya paka si mafua ya watu. Hepesi na kalisi za paka hazimwambukizi binadamu, na mtoto mwenye mafua hakuyapata kwa paka.

Kuna hofu nyingine inayosemwa kwa sauti ya chini. Daktari anaweza kupendekeza paka mwenye ugonjwa usiokwisha apimwe virusi vinavyodhoofisha kinga ya paka. Watu husikia hayo na kuita ukimwi wa paka, kisha hutaka paka auawe. Virusi hivyo ni vya paka peke yake. Haviambukizi mtu kwa kuumwa, kwa kukwaruzwa wala kwa mate, na mtu hawezi kumwambukiza paka virusi vyake. Nyumba yenye mtu anayeishi na virusi vya ukimwi haina sababu ya kumfukuza paka. Inachohitaji ni tahadhari za kawaida: mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kumhudumia paka mgonjwa, na kinyesi chake kiondolewe kila siku, ikiwezekana na mtu mwingine. Bordetela na Klamidia ya paka humpata binadamu kwa nadra sana, na mwenye kinga dhaifu akipata kikohozi au jicho jekundu amwambie mhudumu wa afya kwamba nyumbani kuna paka mgonjwa.

Kichaa cha mbwa ni jambo jingine. Paka naye hukipata na hukiambukiza. Mpango wa kitaifa wa Kenya ulioanza mwaka 2014 unalenga kumaliza vifo vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na paka huchanjwa kuanzia miezi 3. Aliyeumwa aoshe kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo.

Kabla ya kumleta mwingine

Paka mgeni atengwe wiki 2 hadi 3 katika chumba chake, na bakuli na katoni yake, hata akionekana mzima. Anayewahudumia paka wa nyumbani awahudumie kwanza, mgeni baadaye, kisha anawe. Hepesi hufa nje ya mwili ndani ya siku moja hivi, lakini kalisi huweza kudumu wiki kadhaa. Bakuli lioshwe kwa sabuni na kusuuzwa, kisha liloweshwe dakika 10 katika Jik, kipimo 1 kwa vipimo 20 vya maji, na lisuuzwe tena.

Chanjo ya mafua ya paka huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16, na huhitaji nyongeza baadaye. Haiondoi virusi vilivyokwisha kuingia na haizuii kila maambukizi, lakini hupunguza ukali. Anayechukua paka aulize mambo manne: ana umri gani, amechanjwa lini, amepewa dawa ya minyoo lini, na je, ndugu zake wanapiga chafya? Na asikubali paka aliye chini ya wiki 8 ikiwa mama yake yupo.

Nani wa kumwendea

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la kudhibiti magonjwa ya mifugo na la ustawi wa wanyama. Mwananchi mwenye paka ana haki ya kuuliza katika ofisi ya mifugo ya wadi au kaunti ndogo kama mwenye ng'ombe. Anayetibu awe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, na si aibu kumwomba aonyeshe cheti chake. Muuzaji wa duka la agroveti anaweza kuuza dawa, lakini hawezi kuisikiliza pumzi ya paka kupitia dirisha la duka.

Kumtupa paka mgonjwa sokoni au kando ya barabara ya Isebania hakuondoi ugonjwa. Kunaupeleka kwa paka wengine, na Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumtesa mnyama. Ikiwa hali imekuwa mbaya kiasi kwamba paka anateseka bila tumaini, daktari anaweza kumpumzisha bila maumivu. Lakini wengi hawafiki huko. Wengi wanahitaji siku 10 zilizoandikwa kwenye karatasi, samaki vuguvugu, chumba kisicho na moshi, na mtu asiyewapa kidonge chake cha kichwa.

Maswali yapelekwe kwa afisa wa mifugo wa wadi, na karatasi ya siku isisahaulike nyumbani.